Nani Alikwenda Kupima? Umbali wa Kilimia na Nyota Zilizo Nyuma Yake

Ilikuwa mwishoni mwa Desemba, Pangani, siku za giza, zile ambazo mwezi hauonekani na wavuvi wa dagaa hutoka na karabai. Umeme ulikatika mapema, tukatandika mkeka uani. Mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa asiyeridhika na jibu jepesi, akanyoosha kidole kaskazini, juu kabisa ya paa la jirani, akauliza kile kishada cha nyota ni nini. Nikamwambia: hicho ndicho Kilimia.

Bibi yangu alikifuata Kilimia kama wengine wanavyofuata kalenda ya ukutani. Alikuwa na usemi wake, na wazee wengi wa pwani wanao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Maana yake ni kwamba kila mwaka, kufika Mei, kishada hiki humezwa na mwanga wa magharibi baada ya machweo. Majuma machache baadaye, mwezi wa Juni, huchomoza tena alfajiri upande wa mashariki. Mkulima aliyetazama hali ya hewa kilipozama alikisia itakavyokuwa kikizuka. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Wazulu na Waxhosa, walio mbali na sisi maelfu ya kilomita, hukiita isiLimela, kwa mzizi huo huo wa jembe. Waarabu hukiita Thurayya, Wajapani Subaru.

Nikamweleza mtoto hayo yote, kisha nikaongeza kwamba Kilimia kiko umbali wa miakanuru kama 440. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, nani alikwenda kupima?"

Swali hilo lilinikaa. Vitabu vya shule vinatoa tarakimu za mbinguni kama bei za sokoni: jua kilomita milioni 150, nyota fulani miakanuru 4, galaksi fulani miakanuru milioni 2 na nusu. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, na hajui hata moja ilipatikanaje. Tarakimu ya Kilimia ina kisa kirefu, maana hadi juzi juzi wataalamu wenyewe walikuwa wakiigombania. Ninayoandika hapa ni jibu langu kwa mtoto yule, refu kuliko alilopata usiku ule kabla hajalala.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo chenyewe. Mwakanuru ni umbali, ingawa jina lake linasikika kama muda. Wala jambo hilo lisitushangaze, kwa sababu ndivyo tunavyosema kila siku. Ukiniuliza Tanga iko wapi kutoka Pangani, nitakujibu ni mwendo wa saa moja na ushei kwa gari. Nimetaja saa, nawe umeelewa ni njia. Mwakanuru ni mwendo wa nuru wa mwaka mmoja, na nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, yaani ingeweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kabla hujamaliza kutamka jina lako. Kutoka mwezini hadi machoni petu inachukua sekunde moja na kidogo. Kutoka kwenye jua, dakika 8 na sekunde 20. Basi la kilomita 100 kwa saa, lisilosimama kituo chochote, lingefika kwenye jua baada ya miaka 171. Kwa nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri, basi hilo lingehitaji miaka zaidi ya milioni 45.

Kwa hiyo ukitazama Kilimia leo, nuru inayoingia jichoni ilianza safari karibu na mwaka 1580. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilikuwa haijajengwa bado. Ujenzi wake ulianza 1593, na nuru hiyo ilikuwa tayari njiani zaidi ya miaka kumi. Kama moja ya nyota zile ilizimika jana, hakuna yeyote kati yetu atakayejua. Watakaojua ni vitukuu vya vitukuu vyetu.

Sasa, nani alikwenda kupima? Hakuna aliyekwenda. Chombo kilichofika mbali kuliko vyote vilivyotengenezwa na mikono ya watu, Voyager 1, kilirushwa mwaka 1977. Tangu wakati huo hakijapumzika, na hakijakamilisha hata mwendo wa nuru wa siku mbili. Umbali wa nyota unapimwa kutoka hapa hapa tulipoketi, na kanuni ya kwanza unaweza kuijaribu sasa hivi kwa kidole gumba.

Nenda ufukweni, simama pale ambapo mnazi mmoja umesimama peke yake ng'ambo ya mto. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho la kushoto. Kidole kitaangukia sehemu fulani ya mandhari, tuseme kwenye shina la mnazi. Sasa fumbua la kushoto, fumba la kulia. Kidole kimeruka! Hukukisogeza, lakini sasa kiko kando ya mnazi. Kilete karibu na pua, urudie: kinaruka zaidi. Kipeleke mbali, kinaruka kidogo. Basi ukijua umbali kati ya macho yako mawili, na ukapima kidole kimeruka kwa pembe kiasi gani, hesabu ya pembetatu itakupa urefu wa mkono wako bila kutumia futi. Kuruka huko wanafalaki hukuita paralaksi. Mpwa wangu alijaribu kwa taa ya karabai iliyokuwa baharini badala ya mnazi, akafumba na kufumbua mpaka macho yakamtoka machozi.

Tatizo ni kwamba macho yetu yako karibu mno. Nyota zinahitaji macho yaliyoachana sana. Na hapo ndipo dunia inapotusaidia, kwa kuwa inalizunguka jua. Mahali ilipo leo na mahali itakapokuwa baada ya miezi sita vimeachana kilomita milioni 300. Piga picha ya nyota Januari, piga tena Julai, na umepata macho mawili yenye nafasi hiyo katikati. Nyota ya karibu itaruka mbele ya zile za mbali, kama kidole mbele ya mnazi.

Wazo hili ni la kale sana. Wagiriki walilijua, na walilitumia kama hoja ya kupinga. Aristarko, karne ya 3 kabla ya Kristo, alisema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Hoja ya kumpinga ilikuwa kwamba, kama ni kweli, nyota zingeonekana kuruka kila mwaka, na hazikuonekana. Zilibaki njia mbili tu: ama dunia imetulia, ama nyota ziko mbali kupita akili. Tycho Brahe wa Denmark, aliyepima anga kwa jicho tupu kwa usahihi ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake, bado katika karne ya 16 aliona vigumu kukubali umbali wa namna hiyo. Mimi simlaumu. Alifuata vipimo vyake, na vipimo vyake havikuonyesha kuruka kokote. Kuruka kulikuwepo, ila kulikuwa kudogo mno.

Kabla ya kufika kwenye nyota, ilibidi kwanza kujua nafasi kati ya macho, yaani umbali wa jua. Hapo ndipo Zuhura, sayari jirani yetu, alipoingia. Mara chache sana Zuhura hupita mbele ya uso wa jua kama doa jeusi. Watu wawili walio mbali duniani humwona akikata uso huo kwenye mistari miwili tofauti kidogo. Ni kidole gumba kile kile, safari hii macho yakiwa ni miji miwili. Mwaka 1761 na 1769 wataalamu walisafiri hadi pembe za mbali za dunia kwa ajili ya saa chache hizo. Sisi tulibahatika: tarehe 8 Juni 2004 Zuhura alikatiza jua mchana kweupe mbele ya Afrika Mashariki nzima, na asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012 waliowahi kuamka walimkuta akimalizia. Kumwona tena itakuwa mwaka 2117. Siku hizi umbali huo umepimwa kwa rada, mawimbi yanayorushwa hadi kwa Zuhura na kurudi, na mita zake zinajulikana vizuri kuliko mipaka ya mashamba mengi.

Paralaksi ya nyota ya kwanza kutangazwa na kukubaliwa ilipatikana mwaka 1838. Friedrich Bessel, akiwa Königsberg, alipima nyota hafifu iitwayo 61 Cygni na kupata umbali wa miakanuru 10 na ushei. Leo tunajua ni 11.4. Lakini kuna mwingine ambaye jina lake hutajwa kwa haraka, nami ningependa tukae naye kidogo, kwa kuwa kazi yake aliifanya barani Afrika. Thomas Henderson, Mskoti, alikuwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Cape, Afrika Kusini, mwaka 1832 na 1833. Huko alipima Alpha Centauri, nyota inayong'aa karibu na Msalaba wa Kusini, ambayo mtu wa Pangani huiona waziwazi jioni za Mei na Juni. Vipimo alikuwa navyo mapema kuliko Bessel. Akarudi kwao, akavitilia shaka, akavichambua taratibu, na alipovitangaza mapema 1839 mwenzake alikuwa ameshamtangulia kwa miezi michache. Nyota yake iko umbali wa miakanuru 4.4, karibu kuliko ya Bessel.

Kwa nini iliwachukua watu miaka elfu mbili? Angalia udogo wa pembe yenyewe. Gawa nyuzi moja ya duara mara 60, kisha kila kipande ukigawe tena mara 60: umepata sekunde ya tao. Mwezi mpevu una upana wa sekunde za tao kama 1,800. Sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu, ukiiweka umbali wa kilomita 5, inaonekana na upana wa sekunde moja. Pembe aliyopima Bessel ilikuwa chini ya theluthi moja ya hapo. Ya Kilimia ni sehemu 7 na kitu katika elfu moja za sekunde hiyo. Weka sarafu yako Dar es Salaam, kisha simama Nairobi uitazame. Ndiyo hiyo.

Hewa yetu haikubali kazi ya namna hii. Ile kumetameta kwa nyota tunakokupenda ni hewa inayoitikisa nuru, na kutikisika huko huzidi pembe inayotafutwa mara nyingi sana. Kwa hiyo Wazungu wakajenga setilaiti. Shirika la anga la Ulaya lilirusha Hipparcos Agosti 1989. Ilipima nyota zaidi ya 100,000, na matokeo yalitolewa 1997. Kwa nyota nyingi yalikuwa furaha tupu. Kwa Kilimia yalikuwa mshtuko.

Hipparcos ilisema Kilimia kiko miakanuru 385 hivi. Hadi hapo kila mtu alikuwa akitumia kama 435, kwa njia nyingine kabisa, na kuieleza njia hiyo ningekuomba urudi ufukweni.

Usiku wa giza utaziona karabai za wavuvi zimetapakaa baharini. Hakuna aliyekwenda kuzipima, lakini mzee yeyote wa pale atakwambia ipi iko karibu na ipi iko mbali. Anajuaje? Anajua karabai zote ni za aina moja, nguvu moja. Inayoonekana hafifu iko mbali. Na hafifu hiyo ina kanuni: taa ikienda mbali mara mbili, mwanga wake hupungua mara nne; ikienda mbali mara tatu, hupungua mara tisa. Ukijua nguvu halisi ya taa, ufifiaji wake unakuambia umbali.

Nyota nazo zina aina zake. Rangi ya nyota iliyo katika utu uzima wake, kuanzia bluu hadi nyekundu, inatuambia ina joto kiasi gani na hivyo nguvu yake ni kiasi gani. Nyota za Kilimia zikilinganishwa na nyota za rangi hizo hizo zilizo jirani zetu, ufifiaji wake unatoa miakanuru mia nne na thelathini na kitu. Kama Hipparcos ilikuwa sahihi kwamba ziko karibu zaidi, basi nyota za Kilimia zina nguvu pungufu kwa karibu robo kuliko ndugu zao wa rangi moja. Karabai zote ni sawa, isipokuwa za wavuvi wa kijiji hiki kimoja? Kwa nini? Ingebidi elimu yetu ya jinsi nyota zinavyowaka irekebishwe, na elimu hiyo ndiyo inayotumika kukadiria umri wa karibu kila kitu angani.

Mabishano yalichukua karibu miaka 20. Wengine walisema mashine imepima kwa macho yake nje ya hewa, iheshimiwe. Wengine walisema elimu ya nyota imejaribiwa mara nyingi mno, mashine ndiyo iangaliwe. Tofauti yenyewe, ukiichukua kama pembe, ilikuwa elfu moja ya sekunde ya tao, sarafu iliyo umbali wa kilomita 5,000, mbali kuliko Cairo ilivyo kutoka Nairobi. Ndani ya Kilimia kuna nyota iitwayo Atlas ambayo kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana. Mwaka 2004 watu walitumia mizunguko yake kukadiria umbali, wakapata ule mkubwa. Darubini ya Hubble ikatumiwa, nayo ikakubaliana na ule mkubwa. Waliotetea Hipparcos wakarudia hesabu zao zote upya, na bado wakapata ule mdogo. Hakuna aliyekuwa mzembe hapa. Hilo ndilo linalonivutia katika kisa hiki: pande zote mbili zilikuwa na watu waangalifu, na upande mmoja ulikuwa umekosea.

Mwaka 2014 kikundi kingine kilichapisha jibu kwa kutumia darubini za redio zilizotawanyika kutoka Hawaii hadi Ujerumani, zikifanya kazi pamoja kama jicho moja lenye upana wa maelfu ya kilomita. Walipima paralaksi ya moja kwa moja, kidole gumba safi, bila kutegemea rangi wala nguvu ya nyota. Wakapata miakanuru 444. Halafu ikaja Gaia, setilaiti iliyomrithi Hipparcos, iliyorushwa Desemba 2013. Hiyo ilipima nyota zaidi ya bilioni moja na nusu, na matokeo yake ya mwaka 2018 yalikiweka Kilimia pale pale, miakanuru 440 na kidogo. Suala likaisha. Mashine ya kwanza ndiyo iliyokuwa imeteleza, na elimu ya karabai ilikuwa sawa.

Kwa hiyo ninapomwambia mtoto "440", neno hilo moja limebeba safari za Zuhura, darubini ya Königsberg, na miongo miwili ya ubishi.

Paralaksi ina mwisho wake. Ukienda mbali mno, hata Gaia inachoka. Toka hapo ni karabai tu, na aliyetupa karabai nzuri kuliko zote ni Henrietta Leavitt, mwanamke aliyekuwa kiziwi kwa kiasi kikubwa, aliyeajiriwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Harvard kukagua vioo vya picha, kimoja baada ya kingine, kwa malipo madogo. Vioo vingi alivyokagua vilipigwa Peru, vikionyesha Wingu Dogo la Magellan, kiwingu hafifu cha nyota ambacho sisi wa kusini ya ikweta tunaweza kukiona kwa macho tukiwa gizani. Alitafuta nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 za aina moja, kwamba inayochukua siku nyingi kukamilisha zamu yake ndiyo yenye nguvu zaidi.

Werevu wake uko hapa: nyota zile zote ziko kwenye wingu moja, kwa hiyo ziko umbali unaokaribiana, kama taa za kisiwa kimoja zinavyoonekana kutoka bara. Ikiwa moja inaonekana angavu kuliko nyingine, ni angavu kweli. Kuanzia siku hiyo, ukiiona nyota ya aina ile popote, hesabu siku zake za kung'aa na kufifia, utajua nguvu yake, na ufifiaji wake utakupa umbali. Leavitt alifariki 1921, kabla ya kuona kazi yake ilipofika.

Ilifika mbali. Oktoba 1923 Edwin Hubble, juu ya Mlima Wilson, Marekani, alipata nyota ya Leavitt ndani ya kile kiwingu cha Andromeda. Wakati ule wengi waliamini kwamba galaksi yetu ndiyo ulimwengu wote, na viwingu kama Andromeda ni vitu vidogo ndani yake. Hesabu ya Hubble ilitoa miakanuru karibu 900,000, mbali nje ya galaksi yetu. Leo, baada ya kugunduliwa kwamba nyota hizo ziko za namna mbili na zilikuwa zimechanganywa, tunajua ni milioni 2.5. Tofauti ni kubwa, lakini uamuzi ulikuwa sahihi: Andromeda ni galaksi nyingine nzima. Mwezi wa Novemba, upande wa kaskazini, mbali na taa za mji, unaweza kuiona kwa macho kama pumzi iliyoganda kwenye kioo. Zana za mawe za kale kabisa zilizopatikana katika Bonde la Olduvai zina miaka kama milioni 2. Zilipokuwa zikichongwa, nuru unayoiona ya Andromeda ilikuwa njiani tayari kwa miaka nusu milioni.

Labda utauliza, na ni haki yako: umbali una faida gani? Si tungeweza kuzichunguza nyota bila kujua ziko wapi? Hapana, na mfano bora umetokea mlangoni petu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei, ya kwanza kabisa ya aina yake, na kwa heshima ya siku ile na nchi ile wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikipeleleza chanzo kimoja cha eksirei katika kundinyota la Cygnus, kiitwacho Cygnus X-1, na kuonyesha kwamba kinabadilika haraka mno, kwa hiyo lazima kiwe kidogo sana. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikubaliana kuwa ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata nuru haiwezi kutoka. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa miaka mingi shimo hilo lilihesabiwa kuwa na uzito wa jua 15. Mwaka 2021 paralaksi yake ikapimwa upya kwa darubini za redio, na umbali ukasogea kutoka miakanuru 6,000 na kitu hadi 7,200. Shimo halikuongezeka hata gramu moja, lakini uzito wake kwenye vitabu ukapanda hadi jua 21. Sababu ni karabai tena: shimo hilo linaandamana na nyota, na kama nyota hiyo iko mbali zaidi na bado inaonekana hivyo hivyo, basi ni kubwa kuliko tulivyodhani, na shimo linaloiyumbisha nyota kubwa namna ile lazima liwe zito. Umbali ukikosewa, kila kitu kilichojengwa juu yake kinakwenda kombo.

Vipimo hivi vya umbali ni kama ngazi, kila kidato kinategemea kilicho chini yake, na hata leo ngazi hii ina kidato kinacholegea. Tunajua ulimwengu unatanuka. Georges Lemaître aliliandika hilo 1927 na Hubble akaleta vipimo 1929. Wanaopima kasi ya kutanuka huko kwa kupanda ngazi ya umbali, paralaksi kwanza, kisha nyota za Leavitt, kisha nyota zinazolipuka, wanapata jibu moja. Wanaoihesabu kutokana na mwangwi wa nuru ya kale kabisa, wa karibu miaka bilioni 13.8 iliyopita, wengi wao hupata jibu lililo chini kwa karibu asilimia 8. Ukikumbuka kisa cha Kilimia, hutakuwa na haraka ya kuchagua upande.

Nimebakiza jambo moja la Kilimia ambalo sikumwambia mtoto usiku ule, kwa sababu alikuwa ameshasinzia mkekani. Umbali ulipothibitika, umri nao ukawa wa kuaminika: nguvu halisi ya nyota zile inaonyesha zilizaliwa pamoja miaka milioni 100 na ushei iliyopita. Kwa nyota huo ni utoto. Jua letu lina miaka bilioni 4 na nusu. Sasa fikiria Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa ya wale wanyama wakubwa mno, na mmoja wao, mwenye urefu wa mita 13 kwenda juu, amesimamishwa hadi leo katika jumba la makumbusho Berlin. Wanyama wale waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Walitembea kwenye ardhi yetu ya kusini, wakainua zile shingo ndefu usiku, na Kilimia hakikuwepo.